Maji Yanatoka Wapi: siku tano na garimoshi la mvuke kaskazini mwa Uingereza

Siku ya kwanza: Manchester

Kabla sijaondoka Voi, Baba aliniita barazani. Ana miaka 81, macho yamepungua, lakini masikio bado ni ya fayamani, yule mchochea moto wa garimoshi. Ujana wake wote ulipita katika vichwa vya mvuke vya Reli ya Afrika Mashariki, baina ya Mombasa na Nairobi, mpaka moto wa mwisho ulipozimwa. Nilipomwambia kwamba naenda kumtembelea mpwa wangu Uingereza, na kwamba huko bado yako magarimoshi ya mvuke yanayokimbia kwenye reli kuu pamoja na treni za umeme, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ukifika usiangalie kichwa. Kichwa kila mtu anakiangalia. Wewe angalia maji yanatoka wapi."

Basi nimefika. Leo, badala ya kunipeleka mjini, nilimwomba mpwa wangu anipeleke Gorton, mtaa wa mashariki mwa Manchester. Hapa ndipo ilipokuwa kampuni ya Beyer, Peacock, na hapa ndipo vilipoundwa vile vichwa 34 vya kundi la 59 tulivyoletewa mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na kilipewa jina la mlima. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwahi kuwa na kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hivyo. Kampuni ilifunga milango mwaka 1966, wakati watoto wake, vile vichwa, walikuwa bado wanapanda mlima wa Mazeras kila usiku wakivuta mizigo ya bandari.

"Babu aliendesha hizo?" mpwa wangu aliuliza.

"Hakuendesha. Alikuwa fayamani. Dereva anaendesha, fayamani ndiye anayempa kitu cha kuendeshea."

Tulisimama pale barabarani kwa dakika kumi hivi, mvua ya rasharasha, kisha tukapanda basi kurudi.

Siku ya pili: karakana

Mzee mmoja Mwingereza, dereva mstaafu anayejitolea katika kikundi cha kutunza vichwa vya zamani, alikubali nimtembelee siku moja kabla ya safari. Nilidhani nitakuta watu wanapiga rangi na kusugua shaba. Walikuwapo, lakini kazi kubwa ilikuwa ndani ya tanuri, na ilikwisha kuanza tangu jana yake.

Boila kubwa haiwashwi kama jiko. Chuma kikipata moto upande mmoja kabla ya mwingine, kinavutana, na mirija inaanza kuvuja kwenye maungio. Kwa hiyo moto mdogo huwashwa mapema, unaachwa utambae polepole usiku kucha, na mtu anakaa nao kama anayemuuguza mgonjwa. Kila miaka kumi boila nzima hutolewa na kufunguliwa kabisa kwa ukaguzi. Baina ya miaka hiyo huwa kuna kuosha matope ya ndani, kupima unene wa mabamba, na kumngoja mkaguzi. Mzee aliniambia kwamba kwa siku moja ya safari wao hufanya kazi ya siku nyingi ambazo abiria hawazioni.

Kichwa chenyewe ni cha kundi la Jubilee. Hapa lazima nitulie kidogo, kwa sababu jambo hili sikulijua. Vichwa vya Jubilee vilikuwa 191, vikaundwa kuanzia 1934 hadi 1936, na vingi vilipewa majina ya makoloni. Mzee alinifungulia daftari la majina. Kulikuwa na Kenya. Kulikuwa na Tanganyika. Kulikuwa na Uganda, na Zanzibar. Miaka ishirini na zaidi kabla ya uhuru wetu, majina hayo yalikuwa yakipita Leeds na Carlisle yameandikwa juu ya magurudumu ya vyuma, na watoto wa huku wakiyasoma kutoka kwenye majukwaa. Vyote vinne vilikatwakatwa kuwa chuma chakavu. Vilivyobaki katika kundi zima ni vinne tu, na hakuna chetu hata kimoja.

Nikauliza habari ya makaa. Uso wa mzee ulibadilika. Nchi hii iliyochimba makaa ya mawe kwa karne nyingi sasa inayaagiza kwa meli ili kuendesha magarimoshi yake ya kumbukumbu. Mgodi wa Ffos-y-fran kule Wales, uliokuwa ukiwapa makaa mazuri yenye moshi mchache, ulifungwa Novemba 2023. Makaa mengine yametoka mbali hadi Kazakhstan. Tatizo si bei peke yake. Kila makaa yana tabia yake. Kuna yanayoungua haraka kama karatasi, kuna yanayoyeyuka na kuganda kama lami juu ya vyuma vya chini ya moto mpaka hewa isipite. Fayamani aliyezoea makaa ya Wales akipewa mengine, ni kama mpishi aliyebadilishiwa kuni katikati ya pilau. Baba alichoma mafuta mazito, si makaa. Alikuwa na valvu mkononi badala ya koleo. Lakini naamini angeelewa.

Siku ya tatu: Shap, Carlisle, na kurudi

Siku yenyewe. Naandika haya usiku, mikono bado inanuka moshi.

Njia yetu ilikuwa kupanda kaskazini kwa reli kuu ya magharibi, kupitia mlima wa Shap hadi Carlisle, kisha kurudi kusini kwa njia ya zamani ya Settle. Mabehewa yalikuwa ya Mark 1, muundo ulioanza mwaka 1951, na milango yake inafunguliwa kwa mkono. Mlangoni kulikuwa na kijana wa kujitolea ambaye kazi yake nzima ilikuwa huo mlango. Mabehewa haya yalitengenezwa bila kufuli la pamoja ambalo gadi anaweza kulifunga kwa mara moja, na wasimamizi wa usalama wa reli wamekuwa wakidai liwekwe. Kampuni moja ilipinga hadi Mahakama Kuu, na kampuni hiyo ikashindwa, Desemba 2023. Kuyafunga mabehewa yote kufuli hizo ni gharama kubwa. Mimi, nikiwa nimewahi kuona mtu akining'inia mlangoni baina ya Voi na Mtito Andei, siwezi kuwalaumu wasimamizi.

Nyuma kabisa ya treni kulikuwa na kichwa cha dizeli. Nilipokiona moyo ulishuka. Nikahisi kama nimealikwa kula samaki nikakuta kopo. Lakini subirini, nitakirudia.

Tuliondoka kwa wakati. Mvuke ulipogonga mlio wa kwanza, mama mmoja mbele yangu alianza kulia, bila sauti, akitazama dirishani. Hatukusemeshana. Mimi pia nilikuwa na yangu kooni.

Baada ya nusu saa tulisimamishwa kwenye njia ya kupishania. Taa nyekundu. Dakika tano, saba, tisa. Kisha treni ya umeme ikatupita kwa kishindo, imejilaza upande kwenye kona, ikatoweka kabla sijahesabu mabehewa. Hizo hukimbia maili 125 kwa saa, yaani kilomita 200. Sisi ruhusa yetu ni maili 75, kilomita 120, tena pale reli inapokuwa tambarare. Ratiba ya njia hii huandikwa kwa nusu dakika, na garimoshi la mvuke huchomekwa katika upenyo uliobaki kati ya treni mbili za kasi. Ukiukosa upenyo wako, unangoja mwingine. Na hapa kila dakika ya kuchelewa ina mwenyewe: huandikwa, hutafutwa aliyeisababisha, naye hulipa. Kichwa kikishindwa kwenye njia hii, treni za nyuma yake zinarundikana kutoka hapa hadi London.

Hapo ndipo nilipoelewa ile dizeli. Haiko pale kwa sababu mvuke hauwezi. Iko pale ili, ikitokea bomba limepasuka au ekseli imepata moto, treni iondoke njiani ndani ya dakika chache na si masaa. Wenye reli wanalala usingizi, na sisi tunaruhusiwa kuja. Aprili 2018, Tornado, kichwa kipya cha mvuke kilichokamilika Darlington mwaka 2008 baada ya miaka 18 ya kuchangishana, kiliharibika sehemu za ndani karibu na mji wa Sandy kikiwa katika mwendo wa maili 90 kwa saa. Kichwa kipya kabisa, chenye mafundi hodari kabisa. Chuma hakina heshima kwa sifa zako.

Ubaya wa kusimamishwa ni mahali tuliposimamishwa. Mlima wa Shap kwa upande wa kusini unapanda mita moja kwa kila mita 75, kwa kilomita zaidi ya sita. Zamani madereva walikuwa wanaukimbilia kwa kasi kutoka bondeni, na treni nzito zilisimama Tebay, chini ya mlima, kuongezewa kichwa cha kusukuma kutoka nyuma. Vichwa vya kusukuma havipo tena, na Tebay stesheni yake ilifungwa 1968. Sisi tulianza karibu kutoka sifuri, na mvua inanyesha.

Nilitoa simu nikaanza kurekodi kwa ajili ya Baba. Barabara kuu ya magari inakwenda sambamba na reli katika bonde lile, na madereva wa malori walikuwa wakipiga honi. Kichwa kilianza kwa nguvu, kisha polepole, polepole zaidi, kila pigo la dohani likiwa peke yake kama mtu anayepasua kuni. Mara magurudumu yakateleza. Mlio ukawa mmoja mrefu, kama ngoma iliyochanganyikiwa, dereva akafunga mvuke, akafungua tena taratibu. Behewa zima lilikuwa kimya. Hata watoto. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu anayekimbia, si zaidi. Halafu, mita chache kabla ya kilele, mapigo yakaanza kukaribiana, na mtu mmoja nyuma yangu akasema "amefika" kwa sauti ya chini kabisa.

Juu ya vichwa vyetu muda wote huo kulikuwa na nyaya za umeme za volti 25,000. Jambo hili sikulifikiria mpaka Carlisle, nilipomwona mzee na wenzake wakihangaika na makaa. Makaa ya mbele kwenye tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma ya kichwa, yakiisha, ya nyuma lazima yavutwe mbele. Zamani fayamani alipanda tu juu na koleo. Chini ya nyaya hakuna kupanda, hata hatua moja. Hata vyuma virefu vya kuchokolea moto ni lazima viinuliwe kwa uangalifu, kwa sababu umeme huo haungoji uguswe. Unaruka. Kwa hiyo anatumia yale yanayomfikia, na mpango wa moto wa siku nzima unapangwa kwa kufuata wapi pana nyaya na wapi hapana.

Carlisle tulikuwa na saa mbili hivi. Mzee alinionyesha kwa mbali vitu vilivyobanwa ndani ya kibanda cha dereva: king'ora cha onyo la taa, chombo cha kufunga breki kichwa kikivuka taa nyekundu, redio, na kisanduku kinachoandika kila alichofanya dereva. Vyote hivyo katika kibanda cha 1936 chenye joto la tanuri, vumbi la makaa na mtikisiko usiokoma. Akanieleza habari ya Wootton Bassett, tarehe 7 Machi 2015. Treni ya mvuke ilipewa onyo, onyo halikujibiwa kwa wakati, breki zikashika zenyewe. Waliokuwa kibandani, badala ya kusimama na kuripoti, walikizima kile chombo cha onyo ili waendelee. Hivyo onyo la taa iliyofuata halikusikika. Walivuka taa nyekundu, wakasimama katikati ya makutano ya reli, mahali ambapo treni ya kasi ilikuwa imepita chini ya dakika moja kabla yao. Hakuna aliyeumia. Mzee alisimulia akitazama chini, akikunja na kukunjua kitambaa chake cha mafuta. Alisema tangu siku ile kila mmoja wao anajua kwamba mtu mmoja mwenye haraka anaweza kuwafungia wote njia.

Nyuma ya kichwa wana behewa lao, lenye vitanda, jiko, spana, mipira ya maji na vipuri. Nilicheka kwa furaha. Baba na wenzake walikuwa nalo! Kwenye safari ndefu walikwenda timu mbili za watu. Moja kazini, nyingine imelala katika behewa lao nyuma ya kichwa, wanapokezana njiani. Nilimweleza mzee, naye akaniuliza walikuwa wanapika nini. Nikasema ugali, na samaki wa kukaanga kutoka Mombasa.

Sasa maji. Tenda ya Jubilee inabeba galoni 4,000, kama lita 18,000. Kwenye kazi nzito inakunywa lita 180 kwa maili moja, au zaidi. Piga hesabu: ikifika maili 100 imekauka, na boila iliyokauka inaua. Zamani njia hizi zilikuwa na minara ya maji kila mahali, na penginepo kulikuwa na mifereji mirefu katikati ya reli, kichwa kinashusha mdomo na kuchota kikiwa kinakimbia. Juu kule Garsdale ulikuwapo mfereji wa juu kuliko yote duniani. Mvuke ulipokomeshwa na reli ya taifa, Agosti 1968, mifereji iling'olewa na minara ikaangushwa. Mwenye Flying Scotsman, kichwa maarufu cha mvuke cha huku, alikuwa ameona mbali, akakiongezea tenda ya pili ya maji tangu 1966.

Siku hizi maji huja kwa lori. Lori linakodishwa, linangoja mahali palipokubaliwa, penye njia ya gari na ruhusa ya wenye reli, watu wanavuta mipira, na dakika zinahesabiwa. Lori likikwama kwenye foleni, safari imekwisha. Tuliporudi kwa njia ya Settle tulisimama Appleby, stesheni ndogo nzuri, na hapo kuna bomba la kusimama kama la zamani, lililowekwa mahsusi kwa ajili ya hawa wageni wa mvuke. Nilishuka nikasimama karibu nalo. Maji yaliingia kwa sauti nzito. Fayamani, kijana wa miaka thelathini hivi, uso mweusi tii kwa masizi, alikunywa chai kwa kikombe cha bati huku akiangalia kina. Nilipiga picha ya bomba, sikupiga ya kichwa.

Baada ya Appleby njia inapanda tena hadi Ais Gill, mita 356 juu ya bahari, kisha mahandaki, kisha daraja la Ribblehead lenye matao 24. Serikali ilitaka kuifunga njia hii yote, watu wakaipigania, ikaokolewa mwaka 1989. Jua lilikuwa linatua. Sina la kuongeza juu ya daraja lile. Picha zake ziko kila mahali na zote ni za kweli.

Siku ya nne: York

Miguu inauma. Tulikwenda York kwa treni ya kawaida kuona makumbusho ya taifa ya reli. Njiani mpwa wangu, ambaye ni mtu wa kompyuta, aliniuliza swali zuri: "Mjomba, wakiondoa taa za pembeni mwa reli je?"

Maana ndivyo inavyokuja. Kwenye reli kuu ya mashariki taa za pembeni zinaondolewa hatua kwa hatua, na amri zitamfikia dereva kupitia kioo kibandani mwake. Kichwa kisicho na mtambo huo hakitaingia njia hiyo. Tornado ndicho kichwa cha kwanza cha mvuke kufungiwa mtambo huo, na kazi hiyo imechukua miaka. Kichwa cha mvuke hakina umeme wa kutosha, lazima uzalishwe. Hakina mahali pakavu wala pa baridi pa kuweka kompyuta. Na kompyuta inataka kujua treni itachukua umbali gani kusimama, wakati breki za kichwa cha zamani zina tabia zao. Mpwa wangu alichora mchoro kwenye karatasi ya sukari, akaeleza kwa nusu saa. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akizungumza habari za reli kwa hiari yake.

Nilimwambia kuhusu Mount Gelai, namba 5918, kilichobaki Nairobi kwenye makumbusho pamoja na Mount Shengena. Gelai kilifufuliwa mwanzoni mwa karne hii, kikavuta tena safari za watalii. Lakini kukiwasha ni nusu ya kazi. Nani atatunza minara ya maji katika njia nzima? Nani bado anajua kusikiliza?

Siku ya tano: Manchester

Usiku nilimtumia Baba ile sauti ya Shap. Asubuhi nimekuta majibu yake, sauti tatu fupi fupi, kwa nyuma jogoo anawika.

Ya kwanza: "Hii si kama zetu. Zetu ni injini mbili chini ya boila moja, mapigo yanakutana na kuachana. Hii ni moja, tena naona ina silinda tatu."

Sikuwa nimemwambia.

Ya pili: "Hapo katikati aliteleza. Mvua, eeh? Dereva mzuri, hakuharakisha."

Ya tatu ilichukua muda kuanza. Nilimsikia akikohoa, akimwambia mtu asogeze kiti. "Bomba la Appleby nimeonyeshwa picha yake. Sasa niambie, alipofika kilele cha ule mlima wa kwanza, kwenye tenda yalibaki maji kiasi gani?"

Sikuuliza. Nimempigia simu mzee yule mara mbili, hajapokea. Nadhani yuko chini ya kichwa. Nitajaribu tena kabla ya ndege.